Tisa Kati ya Kumi

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti la Baba limepungua uvimbe. Mwambie asipande ngazi tena, paa litasubiri. Na Kitinda, najua unasoma begani kwa mama yako. Hujambo, sasa toka hapo.

Mimi ni mzima wa mwili. Wa roho sijui. Huu ni mwezi wa nane tangu nimalize chuo cha sheria na nimeshatuma maombi ya kazi arobaini na moja. Majibu niliyopata ni matatu. La kwanza lilisema nafasi imejazwa. La pili lilisema wanatafuta mtu anayeanza kazi, mwenye uzoefu wa miaka mitatu. La tatu halikuwa langu, walikosea bahasha.

Ila nimepata meza. Chuo kina Ofisi ya Ushauri wa Kazi, iko ghorofa ya chini kati ya stoo ya viti na choo cha wageni. Nilikwenda pale kuomba wanisaidie kutafuta kazi, mkuu wa ofisi akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema nina sauti nzuri ya simu. Sasa nakaa pale kila siku, nawapigia wahitimu wenzangu kuwauliza kama wamepata kazi. Ni kujitolea, Shangazi. Mkataba hakuna, chai ipo. Baba usimwambie neno kujitolea. Mwambie nina meza.

Sasa ombi langu. Umekaa masjala ya mahakama miaka ishirini na sita, na hakuna wakili wa huko asiyeinama dirishani kwako kuleta majalada. Neno lako moja kwa yeyote kati yao lingetosha. Siombi upendeleo. Naomba mtu mmoja asome karatasi zangu kabla ya kuzifungia maandazi.

Mwanao.

*

14 Machi

Wakili wangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 3 imefika tarehe 11 na nimeigonga muhuri siku hiyohiyo. Najua unacheka. Tangu masjala waliponunua muhuri mpya wakanipa huu wa zamani, kila barua inayoingia nyumba hii inagongwa IMEPOKELEWA, inaandikwa tarehe, inaingia kwenye faili. Karatasi isiyogongwa kwangu haijafika. Na mambo ya maana sipendi yaende kwa simu. Mtu akishakata, nani atathibitisha alisema nini?

Baba yako goti limepungua, mdomo haujapungua. Kwa kinyozi wamemchoka. Ameshawaambia una meza, na meza yenyewe ameipa droo nne.

Kuhusu ombi lako, jibu ni hapana. Karani wa masjala akimwomba wakili jambo dogo leo, kesho wakili atamwomba karani jambo dogo. Na mimi najua dogo lao ni lipi: nigongee tarehe ya jana, nimechelewa. Miaka yote hii sijagonga tarehe ya uongo kwa mtu yeyote, na hakimu mmoja aliwahi kunisusia salamu mwaka mzima kwa sababu hiyo. Sitaanza kwa ajili yako, ingawa wewe ndiye ninayekupenda. Ukitaka kukasirika, kasirika.

Kitinda amepata barua mbili za kukubaliwa. Moja ni ya chuo cha upimaji wa ardhi, nyingine ni ya chuo chako. Mwisho wa kujibu ni tarehe 30 Juni, na akijibu kimoja, kingine kinampa nafasi mtu mwingine. Mimi simsukumi. Anakutazama wewe.

Shangazi yako.

*

22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimekawia kujibu na sababu unaijua, nilikasirika kama ulivyoniruhusu. Sasa imepoa kidogo, au niseme imehamia kwa wengine.

Nikusimulie hiyo ofisi. Ukutani kuna ubao wa matangazo ya kazi. Wiki iliyopita niliamua kuyasoma yote, moja baada ya jingine. Matangazo kumi na saba, na kumi na mawili yamepita mwisho wa kutuma maombi, moja tangu mwaka juzi. Nilipoanza kuyabandua, mkuu akaniomba niyarudishe. Alisema ubao mtupu unakatisha watu tamaa. Kwa hiyo msichana aliyekuja jana akiwa na kalamu na daftari alinakili anwani ya kampuni iliyokwishafungwa, akanishukuru, na mimi nikamwambia karibu tena.

Kila Jumatano kuna mafunzo. Wiki ya kwanza tulifundishwa kushikana mikono. Ya pili, kutabasamu kabla ya kuketi. Ya tatu mtu aliletwa kutufundisha kujiuza, hilo ndilo neno lake, na alipoulizwa yeye mwenyewe alipataje kazi akasema mjomba wake alimwita. Watu walicheka. Mimi nilitoka nje, nikaenda kunawa uso bombani. Miaka minne, Shangazi. Tumesoma sheria ya mikataba, ya ardhi, ya ushahidi, halafu tunaketishwa kama watoto kufundishwa kucheka.

Na kuna hizi simu. Unamkumbuka yule mwenzangu aliyekuja nyumbani likizo ile, Mdomo wa Dhahabu, aliyebishana na Baba kuhusu ukuta wa jirani mpaka Baba akamkubali? Anafanya kazi kwenye duka la fotokopi mbele ya mahakama. Nilimuuliza kama ilivyo kwenye fomu: umeajiriwa, hujaajiriwa, unasoma? Akasema, "Andika unachotaka dada, hapa kuna foleni." Nikaandika hajaajiriwa. Mkuu akapita, akasoma, akauliza anatoa kopi za nini. Nikasema za hati za mahakama. Akasema basi yuko sekta ya sheria, akachukua kalamu mkononi mwangu akarekebisha mwenyewe.

Nami sikusema kitu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, nilinyamaza kwa sababu ya meza.

Vipi Kitinda, ameamua?

Mwanao.

*

9 Mei

Wakili wangu,

Marahaba. Barua yako imefika tarehe 30 Aprili na imegongwa. Huku mvua zimekwisha na paa halikusubiri kama ulivyoahidi, tumeweka ndoo mbili chumba cha mbele. Baba yako amepanda ngazi na ameshuka kwa miguu yake mwenyewe, tushukuru.

Chuo chako kimemletea Kitinda kipeperushi. Karatasi nzito, inang'aa. Ukurasa wa mbele upo wewe, umevaa lile koti la kijivu, na chini yake pameandikwa kwamba wahitimu tisa kati ya kumi wameajiriwa ndani ya mwaka mmoja. Baba yako ameomba cha pili akakibandika kwa kinyozi, juu ya kioo, kila anayenyolewa anakutazama. Kitinda amekiweka kitandani. Jana alisema mambo ya kupima mashamba ya watu juani ni ya nini wakati dada yake yuko ofisini. Nadhani ameshaamua.

Huyo bwana wa kujiuza ni mpuuzi. Umefanya vizuri kutoka nje.

Nilitaka kukuuliza jambo. Hao mnaowapigia simu, asipokuwepo mwenyewe akapokea mtu wa nyumbani, huwa mnaandika aliyejibu ni nani? Nauliza tu, kwa sababu za kikarani.

Shangazi yako.

*

27 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za goti wala paa, nitauliza barua ijayo.

Picha ile walinipiga mwezi Februari, wakasema ni ya kitambulisho cha ofisi. Kipeperushi sikukiona mpaka barua yako ilipofika. Nilikwenda stoo ya viti, nikakuta maboksi manane yamejaa uso wangu. Wewe uliniambia kilichoandikwa juu ya wahitimu. Hukuniambia kuna mstari mwingine, wa herufi ndogo, unaosema mimi ni wakili katika kampuni ya mawakili hapa mjini. Labda hukuuona. Wewe ambaye unaona nukta iliyokosekana kwenye hati ya kurasa arobaini.

Nilikwenda kwa mkuu na kipeperushi mkononi. Nilimwambia, "Mimi nakaa mita sita kutoka mlango wako. Unaniona kila asubuhi. Kampuni gani?" Alitabasamu, yale mafunzo ya wiki ya pili. Akasema ofisi haitungi chochote, kila jibu lina fomu na kila fomu ina chanzo cha taarifa. Nikasema nionyeshe yangu. Akasema fomu ni siri. Nikamjibu kwamba siri hiyo ni yangu mimi, na nikamtajia kifungu. Ndiyo mara ya kwanza elimu yangu imefungua kabati.

Fomu yangu ipo, Shangazi. Simu ilipigwa tarehe 19 Machi na msichana mwingine wa kujitolea, siku niliyokuwa kwenye usaili uliochukua dakika nne. Ilipigwa kwenye namba ya nyumbani niliyoiandika nilipojiunga, ambayo ni yako. Ameajiriwa: ndiyo. Mwajiri: kampuni ya mawakili, mjini. Chanzo cha taarifa: shangazi.

Nimeisoma mpaka macho yakauma.

Tarehe 14 uliniandikia kwamba huwezi kusema neno moja kwa wakili mmoja, kwa sababu ya uaminifu wako. Siku tano baadaye ukasema uongo kwa mtu usiyemjua. Yaani kunisaidia nipate kazi ya kweli ilikuwa dhambi, ila kunipa kazi ambayo haipo ilikuwa sawa. Nimevishwa kilemba cha ukoka na mtu wa nyumbani kwangu, na sasa Kitinda anakuja huku akifuata koti la kijivu ambalo hata si langu, niliazima.

Mkuu anasema yeye hawezi kufuta kitu. Chanzo hakijakanusha, ndivyo alivyosema, na akaniangalia kwa huruma ambayo ningeweza kumrudishia usoni. Kwa hiyo kanusha. Kwa maandishi, kwa jina lako, na mwambie Kitinda kwa mdomo wako kabla ya tarehe 30 Juni. Mimi naweza kumwandikia, lakini ataamini nini, barua yangu au kipeperushi kilichoko kwa kinyozi na mama yake hajakikataa?

Sina la zaidi.

*

9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Siku kumi na tatu. Barua kutoka huku kwenda huko haijawahi kuchukua zaidi ya siku nane, na tarehe zote unazo kwenye faili.

Jana nilipiga simu ingawa hupendi. Kitinda alisema unaoga. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nilitaka kumwambia yeye yote papo hapo, nikashindwa, kwa sababu alianza kuniuliza kama mawakili huvaa nywele zilizosukwa au zilizofungwa. Nikasema zilizofungwa, nikakata.

Ukipenda kunikasirikia, nikasirikie kwa maandishi.

*

16 Juni

Mwanangu,

Marahaba zote mbili.

Barua yako ya tarehe 27 Mei ilifika tarehe 2 Juni. Niliisoma nimesimama, nikairudisha kwenye bahasha, na sikuigonga. Nilijiambia karatasi isiyogongwa haijafika. Nimekaa nayo siku kumi na nne chini ya kitambaa cha meza, ninakula juu yake. Mawakili waongo wa miaka ishirini na sita hakuna aliyenishinda kwa hilo.

Leo asubuhi nimeigonga. Muhuri unasema tarehe 16, ndiyo tarehe ya kweli ya kuigonga. Pembeni nimeandika kwa kalamu: ilifika tarehe 2, karani aliificha. Iko kwenye faili.

Sasa lile jambo. Simu ililia mchana, nikiwa nimerudi kula. Msichana mwenye sauti ya upole aliuliza kama wewe umeshapata kazi. Baba yako alikuwa amekaa mbele yangu na bakuli lake, akanyanyua uso. Ningeweza kutoka nje na simu. Ningeweza kusema apigiwe mwenyewe. Nilisema yuko kampuni ya mawakili, mjini, na baba yako akatabasamu, akaendelea kula. Ndivyo ilivyokuwa, na imechukua muda mfupi kuliko kukuandikia.

Usidhani nilichanganya meza na kazi. Nimekaa kwenye meza maisha yangu yote, tofauti naijua. Niliona aibu, mwanangu. Si aibu yako. Wakati unasoma, ni mimi niliyemwambia kila mtu kwamba mtoto wa kaka yangu hatainama dirishani kwangu kama wengine, nitasimama nimpokee. Miezi nane ilipopita nikaanza kupita njia ya nyuma nisikutane na watu. Basi nikauza uongo mmoja kwa simu, nikijua simu haina muhuri. Kumbe kule waliandika.

Na hasira yako kuhusu kukataa kukuombea ina haki nusu. Ile nusu nyingine nakukatalia hata leo, sitamwomba wakili yeyote. Lakini kuna kitu ningekuambia tangu Machi kama nisingekuwa nimejishughulisha na kujisifu. Kila mahakama hubandika ukutani orodha ya kesi za wiki, pamoja na majina ya mawakili. Mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, si siri. Isome ya huko kwenu kila Jumatatu, na usitazame kesi, tazama majina. Wakili mwenye kesi mbili ana muda wa kukuambia hana nafasi. Mwenye kesi kumi asubuhi moja kwenye vyumba vitatu tofauti hawezi kuwepo kote, na hajapata nafasi hata ya kuandika tangazo. Msubiri koridoni akitoka anatafuta karatasi. Mimi huwaona kila siku dirishani, wanazama kwenye majalada yao. Hao washauri wenu wa kazi wangetembea hatua mia mbili tu mpaka ukutani wangejua. Badala yake wanafundisha watu kucheka. Nimekasirika kwa ajili yako na nimejikasirikia mwenyewe, sijui kipi kimezidi.

Kukanusha kumo ndani ya bahasha hii, nakala tatu. Nimekula kiapo mbele ya hakimu, yule aliyenisusia. Alisoma, akanitazama juu ya miwani, akasaini bila kuuliza. Nadhani alifurahi.

Baba yako nimemwambia. Alichukua kofia, akaenda kwa kinyozi, akarudi na kipeperushi kimekunjwa mara nne mfukoni. Usimwandikie kuhusu hilo, atakuandikia akiweza.

Kitinda sikumhubiria. Nimempa faili lote, kuanzia Machi, na lile la karani aliificha limo. Amejifungia nalo.

Shangazi yako.

*

3 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Vipi goti, vipi paa? Nilisema nitauliza.

Bahasha yako ilifika tarehe 23. Niliweka nakala moja mezani kwa mkuu. Alisema kiapo ni kitu kizito mno kwa fomu ndogo. Nikasema nakubali kabisa, ndiyo maana inabidi fomu ikubali. Akasema kipeperushi kimeshachapwa. Nikarudi kwenye simu, nikaanza upya kuwapigia wale wote ambao chanzo chao ni mama, baba, kaka, shemeji. Sikuwauliza wale wa nyumbani. Niliomba namba ya mhusika, na kila mmoja nilimwambia kwanza kwamba mimi mwenyewe sina kazi. Shangazi, ungesikia jinsi watu walivyoshusha pumzi. Mmoja alilia. Mdomo wa Dhahabu alisema, "Kumbe tuko wengi hivi, na kila mtu amejificha chumbani kwake." Katika kila kumi, waliobaki na kazi kweli ni wanne.

Siku ya tatu mkuu aligundua. Hakufoka, aliniambia tu kwamba meza inahitajika.

Jumatatu nilikwenda ukutani. Kuna mama mmoja wakili alikuwa na kesi kumi na moja siku ya Jumanne. Nilimsubiri koridoni, akatoka chumba namba mbili akipekua mkoba, amebana kalamu mdomoni. Sikumshika mkono, mikono yake ilikuwa imejaa. Nilisema, "Jalada la chumba namba tano liko chini ya kwapa lako." Amenipa wiki mbili za kunitazama. Hakuna mkataba, na safari hii chai pia hakuna, lakini jana aliniuliza kifungu na nilikijua.

Kitinda alinipigia usiku wa kuamkia tarehe 30. Aliuliza swali moja tu, kama najuta kusoma sheria. Nikamwambia ningekuwa siipendi nisingekasirika hivi. Akasema amejibu chuo cha upimaji, na siku watu wakigombania mpaka aliouchora yeye, atawaleta kwangu. Nimecheka mwenyewe barabarani.

Kabla sijatoa vitu vyangu ofisini nilifungua lile kabati, sikuhitaji kifungu mara hii. Nilichukua fomu yangu, nikakata mistari mitatu, nikasaini pembeni kama ulivyonifundisha, karatasi isikwanguliwe, ikatwe mstari uonekane. Neno shangazi nimelikata pia, kwa kalamu ile ile. Juu yake nimeandika:

Hajaajiriwa. Chanzo cha taarifa: mwenyewe.